Stempu, Koroboi na Bando

Jumatatu ijayo naanza kozi ya uandishi ya ngazi ya chuo kwa njia ya mtandao. Wiki nane, insha nne. Chuo kiko mbali, mimi niko Mzinga, hapa Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Najua utauliza: wewe si mwandishi wa habari, unajifunza kuandika nini tena? Jibu ninalo. Habari ya maneno 400 naiandika hata nikiwa nimesimama ndani ya daladala. Lakini insha ndefu, yenye hoja moja inayotembea toka mwanzo hadi mwisho bila kupotea njia, hiyo bado inanitoa jasho.

Halafu kuna aibu moja ambayo afadhali niiseme mapema. Mwaka jana nilijiandikisha kozi kama hii. Nikaishia wiki ya pili. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyeniudhi. Niliacha tu kuifungua, siku moja, mbili, mpaka nikaona haya kurudi.

Basi safari hii nimejiandaa. Nimenunua bando la mwezi. Nimetafuta betri ya akiba kwa ajili ya siku umeme ukikatika. Nimezunguka nyumba nzima na simu mkononi mpaka nikagundua kwamba mtandao unashika vizuri zaidi pembeni ya ukuta wa jikoni. Nikajiona nimekamilika. Nikamwonyesha mjomba.

Sisi Waluguru, mjomba si mtu wa kupuuza. Akaangalia vifaa vyangu kimya kimya, kisha akauliza maswali mawili tu. "Sasa mjomba, nani atakusahihisha? Na utasoma na nani?"

La kwanza nililijibu nusu. La pili sikuwa na jibu.

Mjomba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ualimu wake aliupata kwa kusoma akiwa mbali na chuo. Ni mmoja wa wale walioitwa walimu wa UPE. Kizazi changu tumelisikia jina hilo kama utani tu: watu walisema UPE ni "Ualimu Pasipo Elimu". Nilicheka utani huo miaka mingi bila kujua naucheka mpango gani.

Mpango wenyewe ni huu. Novemba 1974, TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Awali lengo lilikuwa 1989. Yaani miaka 12 ilifutwa kwa azimio moja. Watoto walikuwepo, lakini walimu wangetoka wapi? Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa idadi hiyo hata vingefundisha usiku na mchana. Ndipo kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakapelekwa moja kwa moja kwenye shule za vijijini, wakawa wanafundisha huku wanajifunza kufundisha.

Mjomba alipangiwa shule moja huko juu milimani. Maandalizi yake? Daftari, kalamu, koroboi na mafuta yake, na redio ya betri ambayo haikuwa yake peke yake. Masomo yalikuja yamechapwa kwenye vijitabu. Vipindi vya redio viliongeza maelezo. Kazi za mikono ziliandikwa na kupelekwa kusahihishwa. Wakati mwingine zilichelewa kurudi mpaka mtu amesahau alichoandika. Lakini palikuwa na mkufunzi aliyekutana nao ana kwa ana, palikuwa na walimu wazoefu shuleni wa kuwauliza, na mwishoni kabisa walikwenda chuoni kwa majuma machache kabla ya mtihani.

Sasa sikiliza hesabu. Walioingia katika mpango ule walikuwa zaidi ya 45,000. Waliofaulu walikuwa karibu 38,000. Linganisha na kozi kubwa za bure za mtandaoni zilizovuma duniani kuanzia 2012: nyingi zimemalizwa na watu wasiofika kumi kati ya mia walioandikishwa. Mimi nimo kwenye wale tisini, kama nilivyokiri.

Tuwe wakweli, mizani haiko sawa. Mjomba alikuwa na ajira iliyotegemea kumaliza. Mimi nimebofya kitufe tu. Na wapo walioulalamikia ubora wa ualimu ule, si bila sababu: kijana wa darasa la saba kumkabidhi darasa ni jambo zito. Sisemi mpango ule ulikuwa mtamu. Nasema watu waliokuwa na koroboi walimaliza, na mimi mwenye bando sikumaliza, na tofauti hiyo haielezwi na vifaa.

Nikaanza kufuatilia nyuma zaidi. Masomo ya mbali ni ya zamani kuliko redio. Mwaka 1840 Uingereza ilianza kusafirisha barua nchi nzima kwa peni moja, na Isaac Pitman akautumia mwanya huo kufundisha hatimkato kwa posta. Mwanafunzi ananakili maneno kwa hatimkato, anatuma, Pitman anasahihisha, anarudisha. Angalia vizuri: kilichouzwa pale ni lile jicho linalosoma kazi yako na kuirudisha ikiwa na alama za makosa. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikaenda mbele, kikafungulia mitihani yake watu wasiokuwa na chuo karibu. Wengi walijisomea popote walipokuwa.

Kwetu mambo yalichukua sura nyingine. Mwaka 1964, Moshi, kilianzishwa kituo cha elimu ya ushirika kilichotumia masomo ya posta kuwafikia wanachama na watumishi wa vyama vya ushirika. Vijitabu vilisomwa katika vikundi, na redio ikasaidia. Mwaka 1972 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ikaanza masomo kwa njia ya posta. Mwaka uliofuata ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili, katika vikundi vijijini, wanasikiliza kipindi redioni, kiongozi wa kikundi anasoma kijitabu, wanajadili, halafu wanakwenda kuchimba vyoo. Wengi wao ndio kwanza walikuwa wanajifunza herufi.

Unaona kinachojirudia? Uingereza mwanafunzi alikuwa peke yake na barua yake. Sisi, kwa sababu redio ilikuwa moja na kijitabu kimoja, tulilazimika kusoma pamoja. Umaskini wa vifaa ukatupa kikundi.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoundwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, chini ya Profesa Geoffrey Mmari, nacho hakikutegemea karatasi peke yake. Kiliweka vituo mikoani, hapa Morogoro kikiwemo. Kisha Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam na intaneti ikaanza kuwa kitu cha kawaida. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, neno "mtandaoni" likawa mdomoni mwa kila mtu. Kasi tumeipata. Ila tulipokabidhiwa kila mmoja simu yake, kikundi kikatawanyika bila mtu kukitawanya.

Jambo la mwisho alinionyesha mjomba mwenyewe. Nilimuuliza walifundishwaje kuandika, maana barua zake ni nzuri mno. Akasema hawakuwa na somo hilo la pekee. "Ukiwa darasani unanyoosha mkono. Ukiwa mbali, swali lako lazima uliandike, tena uliandike vizuri, kwa sababu likieleweka vibaya utasubiri miezi mingine." Kila kozi ya mbali ilikuwa kozi ya uandishi, hata kama kwenye jalada iliandikwa Hisabati.

Basi nimepanga upya maandalizi yangu. Bando lipo palepale, na ukuta wa jikoni upo. Lakini nimempata mwenzangu mmoja wa chumba cha habari aliyejiandikisha kozi hiyohiyo, na jirani yetu anayesoma Chuo Huria. Tumekubaliana Jumamosi jioni, hapa nyumbani, kila mtu anakuja na ukurasa mmoja alioandika. Anayekuja mikono mitupu ananunua chai na vitumbua vya wote.

Na mjomba amekubali kuwa msahihishaji. Juzi nilimpa aya ya majaribio, niliyoiona imekaa vizuri sana. Ikarudi asubuhi, imekunjwa mara mbili, ina wino mwekundu sehemu moja tu, chini kabisa: "Hoja iko wapi?"

Nimeiandika upya mara tatu. Jumatatu hiyo inakuja. Mtihani wangu halisi ni Jumatatu ya tatu, ile ambayo mwaka jana haikunikuta.