Kutoka Mkanda Mmoja hadi Sehemu Tatu: Historia ya Kujifunza Muundo wa Hadithi katika Uandishi wa Miswada ya Filamu nchini Marekani

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kuandika mswada wa filamu hukabidhiwa kanuni moja kabla ya nyingine zote. Hadithi igawanywe katika sehemu tatu. Ya kwanza ichukue kurasa 30 hivi, ya pili 60, na ya tatu 30. Aidha, kila moja ya sehemu mbili za mwanzo imalizikie kwenye tukio linaloigeuza hadithi na kuielekeza upande mpya. Kanuni hiyo hufundishwa kana kwamba ilizaliwa pamoja na filamu yenyewe, na mara nyingi huhusishwa na Aristotle ili ipate heshima ya ukale.

Insha hii inachunguza historia ya kanuni hiyo nchini Marekani, ambako ndiko ilikokomaa. Hoja yake kuu ni kwamba mgawanyo wa sehemu tatu unaopimwa kwa idadi ya kurasa si sheria iliyorithiwa tangu kale. Ni chombo cha kufundishia kilichopata umbo lake maarufu mwaka 1979, na chimbuko lake liko katika kazi ya kusoma na kuchuja miswada zaidi kuliko katika kazi ya kuiandika. Vizazi vya waandishi vilivyotangulia vilijifunza muundo kwa njia nyingine na vikaacha filamu ambazo bado hutumiwa kama vielelezo.

Suala hili lina uzito kwa mtahini na mhakiki. Chombo cha kufundishia kikishageuzwa kuwa kipimo cha ubora, mswada unaweza kuhukumiwa dhaifu kwa sababu haukugeuka katika ukurasa uliotarajiwa, ilhali hadithi yake imeshikamana. Anayekitumia kipimo hicho kwa kazi ya Kiswahili hana budi kujua kilitoka wapi na kiliundwa kwa haja gani.

2.0 Aristotle na Dai la Ukale

Katika Poetics, Aristotle anaeleza kuwa kitu kamili kina mwanzo, kati na mwisho. Maelezo hayo ndiyo hunukuliwa kuwa asili ya sehemu tatu. Hata hivyo, ukiyasoma kwa makini, utaona kwamba hayazungumzii urefu wala mgawanyo wa kazi katika vipande. Yanazungumzia uhusiano wa kisababishi: mwanzo ni jambo lisilolazimika kutanguliwa na jingine lakini linalozaa jingine, kati ni jambo linalotokana na lililotangulia na kuzaa linalofuata, mwisho hutokana na yaliyotangulia na hauzai jambo jingine la lazima.

Pale Aristotle anapoigawa tanzia kwa mwendo wa hadithi, anapata sehemu mbili, si tatu. Ya kwanza ni kufungwa kwa fundo, yaani yote yanayotokea hadi mambo yanapogeuka. Ya pili ni kufunguliwa kwa fundo hilo, kuanzia mgeuko hadi mwisho. Baadaye mshairi wa Kirumi Horace alishauri mchezo uwe na sehemu tano, wala si zaidi wala si pungufu. Mjerumani Gustav Freytag, katika kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu mbinu za drama, naye alichora piramidi yenye hatua tano, kilele chake kikiwa katikati.

Kwa hiyo, wanadharia watatu wanaotajwa mara nyingi kuwa msingi wa muundo wa hadithi hawakubaliani kuhusu idadi ya sehemu. Wanachokaribiana ni wazo kwamba hadithi ina mvutano unaokazwa kisha kulegezwa.

3.0 Enzi ya Mkanda Mmoja

Waandishi wa mwanzo wa filamu nchini Marekani hawakujifunza muundo kutoka kwa Aristotle. Waliufundishwa na urefu wa mkanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 filamu ya kawaida ilikuwa ya mkanda mmoja wa futi 1,000 hivi, uliochukua takribani dakika 10 hadi 15 kuonyeshwa. Hadithi ilipaswa kuanza, kukazana na kumalizika ndani ya kipimo hicho, bila sauti ya wahusika na kwa maandishi machache kwenye skrini. Mwandishi alilazimika kuchagua tatizo moja na kulifikisha mwisho wake.

Mahitaji ya hadithi yalikua kwa kasi. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa kampuni ya Kalem ilikiuka haki za wenye riwaya ya Ben-Hur ilipoigeuza kuwa filamu bila idhini. Baada ya uamuzi huo ilikuwa hatari kuchota hadithi vitabuni bila malipo, na hadithi mpya kutoka kwa watu wa kawaida zikapata thamani. Wengi walianza kutuma maandiko yao kwa posta. Anita Loos, aliyekuwa bado kijana, aliuza kwa njia hiyo hadithi iliyozaa The New York Hat (1912), filamu iliyoongozwa na D. W. Griffith.

Wimbi hilo la waandishi wasio na mafunzo ndilo lililozaa miongozo ya kwanza. Epes Winthrop Sargent, aliyekuwa na safu katika jarida la The Moving Picture World, alitoa kitabu cha mbinu za uandishi wa filamu ambacho toleo lake la pili lilitoka mwaka 1913. Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha kozi ya uandishi wa filamu mwaka 1915 chini ya Victor Freeburg, na kuanzia mwaka 1917 ikafundishwa na Frances Taylor Patterson, aliyechapisha Cinema Craftsmanship mwaka 1920.

Wakati huohuo, katika studio ya Thomas Ince, mswada wa mwendelezo ulishika nafasi ya ramani ya uzalishaji: kila onyesho lilipewa nambari, mahali na maelezo kabla ya kamera kuanza kazi. Mtafiti Janet Staiger ameonyesha kuwa mswada wa aina hiyo ulihudumia mahitaji ya gharama na ratiba sawa na ulivyohudumia hadithi. Hapa panaonekana jambo litakalojirudia: umbo la mswada huathiriwa na ofisi inayoutumia.

Filamu ndefu zilipoenea katikati ya miaka ya 1910, mkanda haukupoteza nguvu zake mara moja. Kumbi zenye mashine moja ya kuonyeshea zililazimika kusimama ili kubadilisha mkanda, na mwisho wa kila mkanda ukawa mahali pa kuacha taharuki. Mwalimu Frank Daniel, aliyehamia Marekani kutoka Czechoslovakia na kufundisha AFI, Columbia na Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, alijenga juu ya urithi huo. Aliwafundisha wanafunzi kuiona filamu ndefu kuwa mifuatano minane hivi, kila mmoja ukiwa na swali lake dogo na kilele chake. Kwa mtazamo huo, filamu ya saa mbili ni hadithi fupi nane zilizofungamanishwa na swali moja kubwa.

4.0 Kujifunza kwa Kuandika Upya

Ujio wa sauti, unaohusishwa na The Jazz Singer (1927), uliwaleta Hollywood waandishi wengi wa tamthiliya kutoka New York. Hao walikuwa wamezoea michezo yenye sehemu tatu, iliyokuwa ya kawaida jukwaani wakati huo, na wakaja na msamiati wake. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba sehemu tatu hazikujulikana kabla ya mwaka 1979. Lililokosekana ni fomula iliyoandikwa ya kurasa na matukio ya mgeuko.

Ndani ya studio, mwandishi mchanga alijifunza kwa kukaa chumba kimoja na waandishi wazoefu, kukosolewa na mtayarishaji, na kuandika upya. Casablanca (1942) ni mfano bayana. Ilitokana na tamthiliya ya Murray Burnett na Joan Alison iliyokuwa haijaonyeshwa jukwaani. Mswada wake ulipitia mikononi mwa ndugu Julius na Philip Epstein pamoja na Howard Koch, na upigaji picha ulianza kabla haujakamilika. Hata hivyo, mswada huo ulipata tuzo ya Oscar na umekuwa kielelezo cha muundo madhubuti. Uthabiti wake haukutangulia uandishi. Ulipatikana ndani ya uandishi.

5.0 Syd Field na Dawati la Msomaji

Syd Field alichapisha Screenplay mwaka 1979. Katika kitabu hicho anaeleza kuwa alifanya kazi katika idara ya hadithi ya kampuni ya Cinemobile Systems, ambako kwa muda uliozidi kidogo miaka miwili alisoma na kufupisha miswada zaidi ya 2,000, na akapata 40 tu ya kuwasilisha kwa wenye fedha. Baadaye alifundisha katika chuo cha Sherwood Oaks, na kutokana na kazi hizo mbili akaunda mchoro wake wa sehemu tatu. Kwa kuwa ukurasa mmoja ulikadiriwa kuwa dakika moja, filamu ya saa mbili ikawa kurasa 120, na matukio mawili ya mgeuko yakapangiwa kurasa za 25 hadi 27 na 85 hadi 90.

Takwimu hizo, 40 katika 2,000, ndizo ufunguo wa historia hii. Field alikuwa msomaji aliyetakiwa kueleza upesi kwa nini mswada mmoja upite na mwingine ubaki. Kwa kazi hiyo mchoro wake ulikuwa na manufaa makubwa: ulimpa msomaji lugha ya kutaja kasoro na mwanafunzi mahali pa kuanzia. Hata hivyo, swali la msomaji ni "mswada huu umekosa nini?", na swali la mwandishi ni "kitu gani kinafuata, na kwa nini?" Maswali hayo hayajibiwi kwa chombo kimoja.

Field mwenyewe aliendelea kukirekebisha chombo chake. Katika kitabu cha mazoezi cha mwaka 1984 aliongeza tukio la katikati ili kuigawa sehemu ya pili, ambayo kwa kurasa zake 60 iliwalemea waandishi. Sheria ya maumbile haiongezewi kifungu baada ya miaka mitano. Chombo cha darasani huongezewa.

6.0 Ushahidi wa Chinatown

Kielelezo kikuu cha Field kilikuwa Chinatown (1974), mswada wa Robert Towne ulioongozwa na Roman Polanski. Towne alitaka Evelyn amuue baba yake, Noah Cross, na kunusurika. Polanski alishikilia kuwa Evelyn afe na Cross aondoke na binti. Mwisho wa Polanski ndio uliopigwa picha.

Miisho yote miwili ingekaa mahali palepale katika mchoro wa kurasa 120. Mchoro hauwezi kueleza kwa nini mmoja ni bora. Jibu liko kwenye fundo. Mpelelezi Gittes ana jeraha la zamani: huko Chinatown aliwahi kujaribu kumlinda mwanamke, na juhudi zake zikamletea madhara. Kifo cha Evelyn kinalirudisha jeraha hilo mahali lilipoanzia na kukamilisha hadithi kisababishi. Aristotle, aliyezungumzia mafundo, anaifafanua tofauti hiyo vizuri zaidi kuliko hesabu ya kurasa inayodaiwa kutoka kwake.

Ushahidi wa pili ni wa Kristin Thompson, aliyechunguza filamu za Hollywood za vipindi mbalimbali katika Storytelling in the New Hollywood (1999). Alibaini kwamba nyingi hugawanyika katika sehemu nne zinazokaribiana kwa urefu, na kwamba migeuko hutokana na kubadilika kwa malengo ya wahusika. Kwa maneno mengine, mhusika ndiye anayeligeuza tukio. Ukurasa huonyesha tu mahali lilipogeukia.

7.0 Athari kwa Uhakiki wa Kiswahili

Mafunzo ya uandishi wa miswada yameingia Afrika Mashariki kwa njia mbalimbali. Mojawapo ni warsha za Maisha, asasi iliyoanzishwa na mwongozaji Mira Nair mwaka 2004 jijini Kampala, ambazo zimewapokea waandishi kutoka Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Swali linalobaki kwa wahakiki ni kipimo gani kitumike pale kazi inapofuata mapokeo mengine.

Uhakiki wa tamthiliya ya Kiswahili umekwishakutana na swali hilo. Katika Mashetani (1971), Ebrahim Hussein anaanza kwa mchezo ndani ya mchezo, na mgogoro mkuu unajitokeza kupitia ishara na ugonjwa wa mhusika. Katika Nguzo Mama (1982), Penina Muhando anamweka Bi Msimulizi kati ya hadhira na tukio, na jitihada za wanawake za kuisimamisha nguzo hazifikii ushindi. Kazi hizo hazikosi muundo. Zina fundo, zina sababu na matokeo, na zina mahali ambapo mtazamaji huelewa jambo ambalo hakulielewa mwanzoni. Mhakiki anayehesabu kurasa hataviona vitu hivyo. Anayefuatilia fundo ataviona.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kuwa muundo wa hadithi ya filamu umefundishwa na urefu wa mkanda, ratiba ya studio, meza ya kuandikia upya, na hatimaye dawati la msomaji. Kila mwalimu aliacha chombo chenye manufaa na alama ya haja yake. Mchoro wa Field unastahili kubaki darasani kama njia ya kuanzia, sambamba na mifuatano ya Daniel na sehemu nne za Thompson.

Haustahili kugeuzwa hakimu. Mtahini anayesoma mswada wa Kiswahili angefaa kutanguliza maswali matatu: mhusika anataka nini, nini kinamzuia, na je, kila tukio linazaliwa na lililotangulia? Mswada unaoyajibu una muundo, hata kama ukurasa wake wa 27 umepita kimya.