Punje za Sataranji: Namba Iliyomshangaza Kadhi



Iko hadithi mashuhuri ya mfalme wa Bara Hindi aliyependezwa na mchezo wa sataranji, yaani chesi. Akamwambia Sissa, aliyeubuni, aombe atakacho. Sissa akaomba ngano: punje 1 kwenye mraba wa kwanza wa ubao, 2 wa pili, 4 wa tatu, na kila mraba uwe maradufu ya uliotangulia, mpaka wa 64. Mfalme akaona ameombwa kitu duni.

Hadithi hii aliiandika Ibn Khallikan, aliyezaliwa Irbil mwaka 1211 na baadaye akawa kadhi mkuu wa Damascus. Mwanzoni hakusadiki kwamba ngano hiyo ingekuwa nyingi kiasi hicho, mpaka alipokutana na mhasibu wa Iskandaria. Mhasibu hakubishana naye; alimwonyesha kwa karatasi. Mraba wa 16 ulikuwa na punje 32,768. Akazihesabu kuwa ujazo wa qadah moja, kipimo mfano wa kibaba chetu. Kutoka vipimo akafika kwenye maghala. Mraba wa 50 ukawa na maghala 1,024, akayahesabu kuwa mji mmoja. Mraba wa 64 ukatoa miji 16,384! Ni dunia gani yenye miji mingi hivyo? Kadhi akaridhika.

Zaidi ya karne mbili kabla yake, karibu mwaka 1000, al-Biruni wa Khwarazm alikwisha kuipata jumla yote:

18,446,744,073,709,551,615

Hakuwa na haja ya kujumlisha miraba 64. Chukua 2, izidishe kwa yenyewe, na jibu nalo kwa lenyewe, mara 6 tu: 4, 16, 256, 65,536, kisha 4,294,967,296, na mwisho namba yenye tarakimu 20. Punguza 1, umemaliza. Jaribu kwa miraba mitatu: 1+2+4 ni 7, yaani 8 kasoro 1.

Namba hii ina mengine ya kutazamwa. Inaishia na 5, basi inagawanyika kwa 5. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 87, basi inagawanyika kwa 3 pia. Kwa ukamilifu, ni zao la namba tasa saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417.

Tukikadiria punje 25,000 kwa kilo, ngano ya Sissa inapita mavuno ya dunia nzima ya miaka 900 kwa kiwango cha siku hizi.

Wazazi, mafunzo hapa ni mawili. Kwanza, kadhi mkuu hakuona haya kuelimishwa na mhasibu. Pili, jicho halioni nguvu ya kurudufisha. Deni la shilingi 1,000 likirudufishwa mara 10 tu linafika 1,024,000. Aliyekwisha kuhesabu punje za Sissa ataelewa upesi kwa nini riba inabomoa nyumba za watu. Wapeni watoto kalamu na karatasi, wahesabu wenyewe.