Redio ya lampi: kubadilisha kondensateri ni kulinda urithi

Katika nyumba kadhaa za Ibanda kungali lile sanduku la mbao, lenye kitambaa mbele na kioo chenye majina ya miji ya mbali. Ni redio ya lampi. Zilifika wakati wa ukoloni, mji wetu ukiitwa Costermansville. Radio Congo Belge ilianza kutangaza toka Léopoldville mwaka 1940, na mwaka 1949 ikawa na vipindi vya Waafrika. Aliyekosa redio alisikiliza kwa jirani. Miaka ya 1960 transista ya mawe ya tochi ikaenea, lampi zikanyamaza.

Leo watoto wanatoa sanduku la babu stoo na kulichomeka papo hapo kwenye moto wa SNEL. Hapo ndipo urithi unapotea. Lampi huweza kukaa miaka mingi bila kuharibika. Kinachozeeka mbele ni kondensateri. Ziko aina mbili. Zile kubwa za kuchuja umeme hukauka ndani, redio ikavuma kuliko kuimba. Zile za karatasi na nta huingiwa na unyevu na kuvujisha umeme. Ile iliyo mbele ya lampi ya mwisho ikivuja, lampi inavuta umeme kupita kiasi na kuunguza transfomata ya kipaza sauti, ambayo ni shida kuipata tena. Wazee wanasemaka: la kuvunda halina ubani. Kondensateri iliyooza haiponyi, inatolewa.

Fundi mzuri huchomoa waya kwanza, kisha humaliza umeme uliobaki kwa rezista, maana volti 300 zaweza kuua mtu hata redio ikiwa imezimwa. Anachora mahali pa kila kipande, na kubadilisha kimoja kimoja. Mpya iwe na thamani ileile, na volti zisizopungua zile za zamani. Ile ya kuchuja isikosewe chanya na hasi. Wala isizidishwe ovyo: lampi EZ80, kwa mfano, haivumilii zaidi ya mikrofaradi 50. Vipande vinavyovuliwa kwenye televizyo zilizokufa vipimwe kwanza.

Wengine wanauliza: ya nini, wakati Radio Maendeleo, iliyoanzishwa hapa Bukavu mwaka 1993, iko FM, na redio nyingi za zamani hizo zinashika mawimbi marefu, ya kati na mafupi tu? Swali ni la haki. Lakini nyingi ziko na tundu la gramofoni nyuma. Kama transfomata inatenga redio na umeme wa ukutani, simu inaweza kuunganishwa pale, na ile sauti nzito ya zamani ikasikika tena saloni.

Zaidi ya sauti, kuna ujuzi. Mafundi wanaojua lampi wanazeeka, na vijana wetu wanafundishwa vyombo vya leo tu. Basi kila redio ikipona, tubandike karatasi ndani yake: tarehe, kondensateri zilizobadilishwa, na jina la fundi. Atakayeifungua kesho ajue pa kuanzia.