Patrick Moore: Hakuwa na Digrii, Lakini Alijua Mwezi

Kila nikiposti kitu cha sayansi, lazima mtu aniulize: "Wewe uliacha chuo, utatuambia nini?" Sawa. Leo wacha niwaambie kuhusu Patrick Moore, mzee wa Uingereza ambaye hakuwahi kusomea chuo kikuu.

Alizaliwa 1923. Utotoni alikuwa mgonjwamgonjwa, shida ya moyo, kwa hivyo masomo mengi aliyapata nyumbani. Akiwa na miaka 11 alikubaliwa kuwa mwanachama wa British Astronomical Association, chama cha wapenzi wa nyota. Miaka 11, jameni! Halafu Vita vya Pili vya Dunia vikaja, akaingia jeshi la anga. Baada ya vita akawa mwalimu wa shule, na usiku alikuwa kwa darubini yake.

Sasa skiza hii ya mwezi. Mwezi hutuonyesha upande mmoja tu, lakini huwa unayumba kidogo. Ukiwa na subira, badala ya kuona nusu, utaona karibu asilimia 59 ya uso wake. Hiyo 9 ya ukingoni watu wengi waliipuuza kwa sababu haionekani vizuri. Moore akaing'ang'ania, anachora usiku baada ya usiku. 1959, chombo cha Wasovieti, Luna 3, kilipiga picha za kwanza kabisa za upande wa nyuma wa mwezi. Kazi ya Moore ikatumika kulinganisha picha hizo na sehemu zilizokuwa zinajulikana. Hakuna mtu aliyemuuliza digrii iko wapi.

Kufikia hapo alikuwa tayari kwa televisheni. The Sky at Night ilianza BBC tarehe 24 Aprili 1957, miezi michache kabla Sputnik haijarushwa. Kipindi kilikuwa mara moja kwa mwezi, na alikiendesha hadi alipokufa Desemba 2012. Miaka 55, vipindi zaidi ya 700, na alikosa kimoja tu, 2004, kwa sababu chakula kilimdhuru tumbo. Juu ya hayo akaandika vitabu zaidi ya 70 kwa taipureta ya 1908. 2001 akapewa cheo cha Sir, na Royal Society, jumuiya aliyowahi kuiongoza Newton, ikamfanya mwanachama wa heshima.

Lakini simpambi. Huyu mzee alipinga wahamiaji kuingia Uingereza, na 2007 akasema hadharani kwamba wanawake wameharibu BBC. Kujua nyota hakumaanishi unajua watu. Chukua kazi yake, hayo mengine mwachie.

Na wewe uliyeacha chuo kama mimi, usikimbie na hii stori kujitetea. Kukosa digrii hakukumpa Moore chochote. Kilichompa ni zile usiku za baridi, anachora kitu ambacho hakuna mtu alikuwa anamlipa achore. Watu wakianza kuuliza maswali, yeye alikuwa na majibu kwa daftari.

Kwa hivyo swali la "uliacha chuo, utatuambia nini" ni swali halali. Jibu lake ni daftari. Lako lina nini?

Stima zikipotea leo mtaani kwenu, toka nje uangalie juu. Anza hapo.