Kikao bila ukumbi: nani mshika mlango?

Sheria ya serikali za mitaa ya Uingereza ya mwaka 1972 ilitungwa wakati kikao kilimaanisha ukumbi. Janga la Korona lilipozuka, kanuni za Aprili 2020 ziliwaruhusu madiwani wa England na Wales kukutana kwa njia ya video.

Hapo ndipo programu ilipogeuka kuwa suala la madaraka. Desemba 2020, baraza dogo la Handforth, Cheshire, lilikutana kwa Zoom. Mabishano yalipozidi, Jackie Weaver, aliyealikwa kusaidia kuendesha kikao, alimtoa mwenyekiti nje kwa kubofya tu. Ripoti ya mwaka 2022 ilisema hakuwa na mamlaka rasmi ya kufanya hivyo, ingawa sababu zake zilieleweka. Programu ilimpa uwezo ambao sheria haikumpa.

Aprili 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba, kwa sheria ya 1972, kuhudhuria ni kuwepo mahali pamoja. Mwezi uliofuata ruhusa ikakoma England. Wales ikaendelea kwa sheria yake yenyewe.

Halmashauri inayochagua programu, basi, iandike kwanza katika kanuni zake ni nani atakayeshika mlango.