Karura: Kulea Mimba si Kazi, Kazi Kulea Mwana

Ukimwuliza mtu habari za Msitu wa Karura, mara nyingi atakutajia jina moja: Wangari Maathai. Ana haki. Bila yeye na wenzake, pengine leo pale pangekuwa na majumba tu. Lakini historia ya Karura haikuishia siku wanyakuzi wa ardhi waliporudi nyuma. Katika insha hii tunataka kuangalia nusu ya pili ya hadithi, ile isiyosimuliwa sana: baada ya msitu kuokolewa, ni nani waliutunza, kwa utaratibu gani, na kwa nini utaratibu huo bado una mashaka.

Karura uko kaskazini mwa jiji la Nairobi, na ukubwa wake ni hekta 1,000 na kidogo. Serikali ya kikoloni iliutangaza rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Ndani yake mna mito, maporomoko ya maji, na mapango ambayo husemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Sehemu kubwa ilipandwa miti ya kigeni, hasa mikaratusi, lakini miti ya asili kama muhugu haikuisha. Jiji lilipokua, msitu ulizungukwa na mitaa ya matajiri kama Muthaiga na Runda, na pia Gigiri, ziliko ofisi za Umoja wa Mataifa. Pembeni yake kuna pia kijiji cha Huruma, wanakoishi watu wa kipato cha chini. Ardhi ya mahali kama hapo ina bei kubwa, na hapo ndipo mkasa ulipoanzia.

Mwaka 1998 ilijulikana kwamba vipande vya msitu vilikuwa vimegawiwa kampuni binafsi kimyakimya. Maathai, aliyeanzisha shirika la Green Belt Movement mwaka 1977 na kuongoza upinzani dhidi ya jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru mwaka 1989, alikwenda Karura na wenzake wakiwa na miche ya kupanda. Tarehe 8 Januari 1999 walinzi waliokodiwa waliwashambulia. Maathai alipasuliwa kichwa, na wabunge na waandishi wa habari waliokuwa naye wakaumizwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha mashtaka, alitia sahihi kwa alama ya X kwa damu yake mwenyewe. Wiki chache baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi waliingia barabarani kuutetea msitu, wakapambana na polisi. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Wengi humalizia hapo, lakini wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kwa miaka kadhaa baada ya 1999 Karura ulikuwa msitu uliookoka lakini usioingilika. Wezi walijificha humo, miti iliendelea kuibwa, na mwananchi wa kawaida aliogopa hata kupita kando yake. Msitu ambao watu wanauogopa hauna wa kuutetea, na mnyakuzi akirudi atasema tu kwamba ni pori lisilo na faida.

Mabadiliko yalianzia kwenye sheria. Sheria ya Misitu ya 2005, iliyoanza kutumika mwaka 2007, iliunda Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS), na pia ikaruhusu wananchi wanaoishi karibu na msitu kuunda chama na kutia saini mkataba wa kushiriki katika usimamizi. Kwa njia hiyo kilizaliwa chama cha Friends of Karura Forest, yaani Marafiki wa Msitu wa Karura. Hakifanyi biashara ya kugawana faida. Kilitafuta wafadhili, ua wa umeme ukazungushwa, walinzi wa jamii wakaajiriwa, na mwaka 2011 milango ikafunguliwa kwa umma.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Anayeingia hulipa kiingilio, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa shilingi 100 kwa Mkenya mtu mzima. Fedha hizo zililipa mishahara ya walinzi na vibarua, wengi wao kutoka vijiji jirani, pamoja na matengenezo ya ua na ya njia za kutembea na kuendesha baiskeli. Mikaratusi huondolewa kidogokidogo na miti ya asili hupandwa mahali pake. Mbega weusi kwa weupe waliletwa kutoka Kipipiri, wakastawi. Aliyekuwa akiogopa kupita kando sasa huenda na watoto wake Jumapili.

Hata hivyo kuna jambo la kufikiria. Hapa Uingereza, National Trust iliyoanzishwa mwaka 1895 inamiliki ardhi yake yenyewe, na sheria ya Bunge ya mwaka 1907 iliipa uwezo wa kutangaza kwamba ardhi fulani haitauzwa kamwe. Marafiki wa Karura hawamiliki hata mti mmoja. Msitu ni mali ya umma chini ya KFS, na chama kinasimama juu ya mkataba tu. Udhaifu huo ulionekana mwaka 2025, KFS ilipotangaza kwamba viingilio vyote vilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen. Chama kilipinga, wananchi wengi wakapaza sauti, na suala likafika mahakamani.

Hatusemi kwamba serikali haina hoja. Mali ya umma inapaswa kuwa na hesabu ya umma. Tena shilingi 100 si kitu kwa mtu wa Runda, lakini kwa mama wa Huruma mwenye watoto wanne kiingilio cha familia ni chakula cha jioni. Chama cha wananchi nacho kinaweza kugeuka kuwa chama cha wenye nacho. Lakini fedha zikienda kwenye mfuko wa mbali, mlinzi wa langoni atalipwa lini? Na ua ukikatika usiku, nani ataamka?

Maoni yetu ni kwamba mkataba hautoshi. Sheria iseme wazi ni sehemu gani ya mapato inayobaki msituni, hesabu zitangazwe kila mwaka, na majirani maskini wapewe nafasi ndani ya kamati, si kazi za kufyeka peke yake. Wanafunzi wa 1999 walipigwa mabomu ya machozi ili msitu ubaki wa wote. Deni lao halijalipwa mpaka neno hilo “wote” liwe na maana pale langoni.