Gemu: Tuamini Mhakiki au Tuamini Macho?

Juzi mdogo wangu kanijia na swali. Anadunduliza fedha zake anunue gemu, ameshaona video yake kwenye simu, na roho haitulii. "Kaka, wewe si mwandishi wa habari? Niamini wanaoandika uhakiki au hii video ninayoiona mwenyewe?" Nikamjibu haraka kwamba macho hayadanganyi. Usiku nikakaa nikafikiri, nikaona nimempotosha. Historia inasema mengine kabisa.

Tuanze na hayo macho. Mwaka 2005, kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles, Sony walionyesha video ya Killzone kwa ajili ya PlayStation 3. Watu wakabaki midomo wazi. Baadaye ikafahamika kuwa hapakuwa na mtu anayecheza chochote pale. Ilikuwa filamu iliyochorwa kwa kompyuta, kuonyesha kile watengenezaji walichotarajia kukifikia. Killzone 2 yenyewe ikaja kutoka mwaka 2009.

Ikafuata Aliens: Colonial Marines. Yaliyoonyeshwa kabla yalivutia mno, lakini gemu ilipotoka Februari 2013 wanunuzi wakaona kitu kingine. Malalamiko yakafika kwa wasimamizi wa matangazo nchini Uingereza, na Sega wakakubali kwamba trela zao hazikulingana na gemu iliyouzwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kilitembezwa sana!

Je, basi tuwakimbilie wahakiki? Tusiharakishe. Novemba 2007, Jeff Gerstmann wa GameSpot aliipa Kane & Lynch alama 6 kati ya 10, wakati matangazo ya gemu hiyo hiyo yametapakaa kwenye tovuti yake. Akafukuzwa kazi. Mwaka 2012 alipopata nafasi ya kuzungumza, alieleza kuwa wakubwa walitetereka mbele ya shinikizo la watangazaji. Jiulize msomaji wangu, mhakiki anayekaa meza ya jirani, mwenye kodi ya nyumba na watoto, wiki inayofuata ataandika nini?

Kuna na njia ya kumpotosha msomaji bila kumfukuza mtu. Cyberpunk 2077 ilipokaribia kutoka Desemba 2020, wahakiki walipewa nakala za kompyuta tu, na wakakatazwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Waliruhusiwa kutumia zile za kampuni. Alama zikawa za juu. Wenye PlayStation 4 walipoiwasha wakakuta gemu inakwama na kuzimika ovyo. Siku chache baadaye Sony wakaiondoa dukani kwao na kurudisha fedha za watu, ikarejea Juni 2021. Wahakiki wale hawakusema uongo. Walieleza kilichokuwa mezani kwao, ila meza ilipangwa na mwenye mali.

Na wale vijana wanaojirekodi wakicheza? Hata huko bahasha zimefika. Mwaka 2016 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilifikia makubaliano na Warner Bros., kwa sababu kampuni hiyo ililipa watu wenye majina makubwa YouTube waisifu Shadow of Mordor mwaka 2014 bila kuwaambia watazamaji waziwazi kwamba wamelipwa.

Nimeandika neno bahasha nikasita, maana mimi si malaika. Mwaka wangu wa kwanza gazetini nilitumwa kwenye uzinduzi wa simu fulani. Tukala, tukanywa, tukapewa "nauli" inayozidi nauli. Nikaandika kwamba betri yake inadumu siku mbili, kama ilivyosema karatasi ya kampuni. Sikuwa nimeitumia hata kwa saa moja. Jirani yetu mmoja aliinunua kwa kusoma habari yangu. Kila jioni alikuwa anakuja kwetu kuichaji, na kila alipogonga mlango nilijifanya nimelala.

Kwa hiyo asubuhi nilimwita mdogo wangu nikafuta kauli. Nikamwambia maandishi na video vyote vinanunulika. Anachotakiwa kuuliza ni nani amelipa, na nini kimefichwa. Subiri wiki mbili baada ya gemu kutoka. Tafuta video ya mtu aliyenunua kwa fedha yake, anayecheza kwenye mashine kama ya kwako. Hiyo itakuonyesha inavyokwenda. Kisha msome mhakiki anayeeleza kilichomkera baada ya saa ishirini za kucheza, maana video ya dakika tano haiwezi kukuonyesha uchovu.

Akanisikiliza, kisha akauliza, "Na ile simu ya jirani, kaka?"

Kumbe alikuwa anajua. Wenzangu mlioko kwenye fani hii, mngemjibu nini?